Kama Mungu Anajua Yote, Mimi Nachagua Nini?



Wapendwa taifa la Mungu, katika tafakari ya juma hili napenda tuliangalie swali ambalo makatekista wetu hukutana nalo kila mwaka wanapowaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Mtoto akishafundishwa kwamba Mungu anajua yote, hata yale ambayo bado hayajatukia, hachelewi kuuliza: kama Mungu anajua tayari kwamba kesho nitasema uongo, nitawezaje kutousema? Na kama siwezi kutousema, kosa langu liko wapi? Mwingine hupita njia fupi zaidi: Mungu alijua kwamba Yuda atamsaliti Yesu, mbona basi alimwumba?

Mara nyingi mtoto wa namna hiyo hujibiwa kwamba hayo ni mafumbo ya imani, naye anyamaze. Jibu hilo halimtendei haki mtoto, wala halilitendei haki Kanisa. Kanisa halikunyamaza. Limelijadili swali hili kwa zaidi ya miaka 1,600, na sehemu kubwa ya mjadala huo ilianzia katika bara letu la Afrika. Mzazi anayeifahamu historia hiyo, hata kwa muhtasari, hatakuwa na sababu ya kumwogopa mtoto anayeuliza.

Maneno tuliyonayo midomoni

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina neno hiari, na kina pia maneno majaliwa na kudura. Mkulima wa nyanya hapa Dumila akiulizwa atavuna lini, hujibu kwamba atavuna wiki ijayo Mungu akijalia. Wazee husema jitihada haiondoi kudura. Lakini wazee hao hao husema hiari yashinda utumwa, na pia husema mchagua jembe si mkulima. Methali zetu, basi, zimekwisha kuingia katika mjadala huu kabla yetu, na zimesimama pande zote mbili.

Maneno hiari na kudura yametujia kwa njia ya Kiarabu, na ndugu zetu Waislamu, ambao ni majirani zetu katika Kilosa nzima, wanao mjadala wao wa zamani juu ya jambo hili. Katika karne za kwanza za Uislamu walikuwapo waliosisitiza uwezo wa mwanadamu juu ya matendo yake, wakaitwa Wakadaria, na walikuwapo waliosema kwamba mwanadamu hulazimishwa katika yote, wakaitwa Wajabaria. Baadaye wanazuoni kama al-Ashari, aliyeishi Iraki katika karne ya 9 na ya 10, walitafuta njia ya katikati. Nataja hayo ili mtoto wa Kikristo ajue kwamba rafiki yake anayesoma madrasa anabeba swali lile lile. Swali hili halitokani na dini moja. Linatokana na kuwa mwanadamu anayemwamini Mungu mmoja mwenye uwezo wote.

Mwafrika aliyeiba matunda

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ambao leo uko katika nchi ya Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia jambo ambalo kila mtoto wa Dumila atalielewa mara moja. Akiwa na umri wa miaka 16, yeye na wenzake waliingia usiku katika shamba lisilo lao wakautikisa mti wa mapeasi na kuyabeba matunda. Hawakuwa na njaa. Nyumbani alikuwa na matunda mazuri kuliko yale. Waliyaonja kidogo tu, mengine wakawatupia nguruwe.

Augustino alikuwa mtu mzima na Askofu wa Hippo alipoandika habari hiyo, na bado ilikuwa inamsumbua. Kwa nini niliiba? Hakutafuta wa kumsingizia. Hakusema nyota zilimwongoza, ingawa alipokuwa kijana aliwahi kuwaamini wapiga ramli wa nyota. Hakusema shetani alimshika mkono. Alikiri kwamba alitaka mwenyewe, na kwamba asingefanya vile kama angekuwa peke yake bila wenzake. Humo mna mambo mawili ambayo Kanisa limeyashika hadi leo: kwamba tendo ni langu, na kwamba mimi ninayelitenda si mzima kabisa. Nina jeraha ndani yangu.

Wakati huo huo alitokea mtawa mmoja kutoka visiwa vya Uingereza, jina lake Pelagio, aliyefundisha mjini Roma. Alikuwa mtu wa maisha mema, naye aliudhika alipoona Wakristo wakitumia udhaifu kama kisingizio. Alifundisha kwamba mwanadamu anaweza kushika amri zote za Mungu kwa nguvu ya utashi wake, na kwamba dhambi ya Adamu ilituachia mfano mbaya tu. Kwa haraka haraka mafundisho hayo yanavutia. Ndivyo wazazi wengi wanavyowaambia watoto wao: ukitaka, utaweza. Lakini Augustino aliona hatari yake. Kama ninaweza yote mwenyewe, Kristo alikuja kufanya nini? Na yule anayejitahidi akaanguka, tutamwambia nini zaidi ya kumlaumu? Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418, ulioadhimishwa na maaskofu wa Afrika, uliyakataa mafundisho ya Pelagio.

Kwa mtoto tunaweza kulieleza jambo hili kwa mfano wa mguu ulioumia. Mguu ni wako, na ni wewe unayeamua kwenda kisimani au sokoni. Lakini mguu wenye jeraha hauendi mbali bila kutibiwa na bila bega la kuegemea. Pelagio alisema mguu ni mzima. Wengine baadaye walisema mguu umekatwa kabisa. Kanisa linasema mguu upo, umejeruhiwa, na neema ya Mungu ndiyo inayoutibu na kuutembeza. Tena neema haimbebi mtu kama gunia. Inamwezesha kutembea.

Ugomvi wa watawa wa Hadrumeto

Sehemu ya historia hii inayotufaa zaidi sisi wazazi na makatekista ni ile isiyotajwa sana. Katika mji wa Hadrumeto, ambao leo huitwa Sousse katika nchi ya Tunisia, palikuwa na monasteri. Mtawa mmoja aitwaye Floro alikuta nakala ya barua ambayo Augustino alikuwa amemwandikia padre Sixtus wa Roma, yule ambaye mwaka 432 alikuja kuwa Papa. Barua ilizungumzia neema kwa nguvu sana. Ikanakiliwa, ikapelekwa monasterini, ikasomwa, na ugomvi ukazuka. Baadhi ya watawa walisema: kama yote ni neema, basi hatuna hiari. Wengine wakasema: kama tuna hiari, neema ni ya nini?

Kati ya mwaka 426 na 427 ndugu wawili, Kreskonio na Feliki, walifunga safari hadi Hippo kumwuliza Augustino mwenyewe. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, mwenye kazi nyingi. Hakuwaambia kwamba jambo hili linawazidi. Aliwakalisha, akawasomea barua na maamuzi ya maaskofu, akakaa nao hadi baada ya Pasaka, tena akawaandikia kitabu kizima juu ya neema na utashi huru. Humo alieleza hoja rahisi: Mungu asingetoa amri kama mwanadamu hana hiari ya kuzishika, na Kristo asingetufundisha kusali kama hatuhitaji msaada katika kuzishika. Amri zinashuhudia hiari. Sala inashuhudia neema.

Hapo ukaja ujanja ambao kila mzazi anaujua. Mmoja katika monasteri ile alisema: kama kutenda mema ni zawadi ya Mungu, basi mkuu wetu asinikemee ninapokosea. Aniombee tu, hadi Mungu atakaponipa zawadi hiyo. Ni sawa na mtoto anayesema: usinigombeze, mama, Mungu bado hajanipa moyo wa kutii. Augustino aliandika kitabu cha pili kwa ajili ya jambo hilo, juu ya maonyo na neema. Alijibu kwamba maonyo yenyewe ni mojawapo ya njia ambazo Mungu hutumia kuigusa hiari yetu. Anayekataa kuonywa anaonyesha kwamba anahitaji kuonywa. Na anayeonya afanye hivyo kwa upendo, kwa sababu haonyi jiwe wala mnyama. Anaonya mtu awezaye kugeuka.

Hapo tujiulize sisi wenyewe. Tunapomwambia mtoto kwamba yeye ni mkorofi tangu kuzaliwa, kwamba ni mwizi kama mjomba wake, kwamba hatabadilika kamwe, hatumwonyi. Tunamfundisha kwamba hana hiari. Kisha tunashangaa anapoishi kama tulivyomwambia.

Aliye mlimani na walio barabarani

Tulirudie sasa swali la kwanza: kama Mungu anajua, je, nalazimika? Boesio, mwanafalsafa Mkristo aliyefungwa gerezani Italia na kuuawa mwaka 524 au karibu na hapo, alilitafakari swali hili akisubiri kifo chake. Alisema kwamba Mungu hayangojei mambo yajayo kama sisi. Kwake yote yapo mbele ya macho kwa pamoja. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alilieleza wazo hilo kwa mfano wa njia: anayetembea njiani hawaoni wanaomfuata nyuma, lakini aliyesimama mahali pa juu huwaona wasafiri wote kwa mara moja.

Watoto wetu wanazaliwa kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, hivyo mfano huo ni wao. Aliye kwenye kituo cha Dumila huliona basi lililo mbele yake tu. Aliyepanda kilimani analiona hilo, na lori linalokuja nyuma yake, na mwenye baiskeli anayekaribia kukata kona. Macho yake hayamsukumi dereva. Dereva anapinda usukani mwenyewe. Kujua si kulazimisha. Hata mama anayejua kwamba mwanawe ataidokoa nyama jikoni hakuusogeza mkono wa mtoto kwenye sufuria.

Mtoto mwerevu atasema: lakini aliye kilimani hakuwaumba wasafiri, na Mungu ametuumba. Amesema kweli, na asifiwe kwa hilo. Mfano wowote una mpaka wake. Mungu si mtazamaji wa mbali. Yeye ndiye anayetupa uhai na nguvu hata ile ya kuchagua. Mtume Paulo anawaambia Wafilipi wautimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na papo hapo anawaambia kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao (rej. Flp 2:12-13). Kwa vipi Mungu anatenda ndani ya utashi wangu na utashi ukabaki wangu? Juu ya hilo Wakatoliki wenyewe walishindana.

Papa aliyewanyamazisha wote wawili

Mwaka 1524 Erasmus wa Rotterdam aliandika kuutetea utashi huru, na mwaka uliofuata Martin Luther akamjibu kwa kitabu kisemacho kwamba utashi wa mwanadamu, katika mambo ya wokovu, umefungwa kama mtumwa. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la Januari 1547 juu ya kuhesabiwa haki, ulifundisha kwamba utashi huru umedhoofishwa na dhambi ya asili lakini haukuzimwa, na kwamba mwanadamu huitikia neema au huikataa. Tufurahi pia kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya fundisho la kuhesabiwa haki, na kukubali mambo ya msingi kwa pamoja.

Lakini ndani ya Kanisa lenyewe ubishi uliendelea. Mwaka 1588 Mjesuiti Luis de Molina alichapisha kitabu mjini Lisbon akieleza namna hiari na neema zinavyopatana. Mdominikani Domingo Báñez na wenzake walimpinga vikali, wakisema anaipunguza neema. Wajesuiti nao waliwajibu kwamba wao ndio wanaoipunguza hiari. Jambo likafika Roma. Tume ya wataalamu ilikaa kwa miaka kadhaa, chini ya Papa Klementi wa Nane na kisha Papa Paulo wa Tano. Mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano aliwaruhusu wote warudi makwao. Hakuamua nani ameshinda. Kila upande uliruhusiwa kufundisha mtazamo wake, ila hakuna aliyeruhusiwa kumwita mwenzake mzushi.

Wapendwa, uamuzi huo ni zawadi kubwa kwa katekista. Kanisa linashika kwa uthabiti mambo mawili: Mungu ndiye mwenye neema yote, na mwanadamu ana hiari ya kweli. Jinsi mambo hayo mawili yanavyofungamana, halijalifunga. Kwa hiyo mtoto akiuliza hadi mwisho, katekista anaweza kumwambia bila aibu: hapo wataalamu watakatifu walibishana na Papa akawaacha waendelee kutafuta. Huko si kukimbia swali. Ni kumfikisha mtoto mahali ambapo Kanisa lenyewe limefika.

Mjadala uliowafukuza watoto mezani

Msidhani kwamba haya ni mambo ya vitabu tu. Mwaka 1640 kilitoka kitabu cha Askofu Jansenius, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla, kilichodai kumfuata Augustino. Kilifundisha neema kwa namna ambayo hiari ilikosa nafasi. Papa Inosenti wa Kumi alizikataa hoja tano za fundisho hilo mwaka 1653. Hata hivyo roho yake ya ukali ilienea: watu walianza kuiona Komunyo kama tuzo la waliokamilika. Waliopoteza zaidi ni watoto. Katika nchi nyingi walisubiri hadi miaka 10, 12, hata 14 au zaidi kabla ya kuruhusiwa kuikaribia meza ya Bwana.

Tarehe 8 Agosti 1910 Mtakatifu Papa Pius wa Kumi aliruhusu itolewe hati iliyorudisha desturi ya kale. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulikwisha kusema kwamba wanaowajibika kuungama na kukomunika ni wale waliofikia umri wa kupambanua. Hati ya 1910 ikafafanua kwamba umri huo ni kama miaka saba, na ikayalaumu waziwazi makosa ya Wajansenisti. Sheria ya Kanisa leo nayo hudhani kwamba mtoto aliyetimiza miaka saba anaweza kutumia akili yake.

Tafakarini maana yake. Kanisa linaposema mtoto wa miaka saba anaweza kuungama, linasema kwamba anaweza kuchagua. Haiwezekani tumkubalie hiari anapokosa, kisha tumnyime hiari hiyo hiyo anapouliza. Kiti cha Kitubio na haki ya kuuliza swali vinatoka katika msingi mmoja.

Walionunuliwa ili wawe huru

Historia hii imepita pia karibu na milango yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, miaka mitano kabla ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873. Waliwakomboa watoto wengi kwa kuwanunua, wakawalea, wakawafundisha kazi, na walipokua wakawaozesha na kuwaweka katika vijiji vya Kikristo. Mwaka 1877 walikwenda bara wakafungua Mhonda, kwenye milima ya Nguru, pamoja na Wakristo wa kwanza waliotoka Bagamoyo. Kutoka kwetu Dumila, njia ya Magole na Turiani ndiyo inayoelekea huko.

Tuseme ukweli wote, kama historia inavyodai. Mtoto aliyenunuliwa ili awe huru hakuulizwa kama anataka kubatizwa au kulima shamba la misioni. Kengele ilipanga siku yake. Wapo waliobaki na kuwa mashina ya Kanisa hili, na wapo waliotoroka. Kuondolewa minyororo ni jambo moja, na kuwa na hiari ni jambo jingine linalokua polepole. Wamisionari walilifanya la kwanza kwa ujasiri. La pili waliofunguliwa walilifanya wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake.

Mmoja wao ni Swema, binti Myao, ambaye kisa chake kiliandikwa na wamisionari na kuchapishwa Paris mwaka 1870. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto. Mama yake alikubali kufuatana na msafara akibeba mzigo ili asiachane naye, na alipoishiwa nguvu aliachwa njiani afe. Swema alifika Zanzibar akiwa amedhoofu hata akafungwa katika mkeka na kufukiwa akidhaniwa amekwisha. Mpita njia alisikia sauti, akamtoa, akampeleka kwa masista. Siku moja walipokuwa wakiwauguza majeruhi, Swema alimtambua mmoja wao: alikuwa yule mfanyabiashara aliyesababisha kifo cha mama yake. Simulizi linaeleza jinsi alivyoshindana na nafsi yake, na jinsi hatimaye, baada ya sala, alivyomsamehe.

Lugha ya kitabu kile ni ya wamisionari, lakini jambo lenyewe lisomwe kwa makini. Karibu kila kitu katika maisha ya Swema kiliamuliwa na wengine. Hakuchagua kuuzwa, hakuchagua kufukiwa, wala hakuchagua kufukuliwa. Palibaki jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kumfanyia, nalo ni kusamehe au kutosamehe. Hiari yake ilikuwa hapo. Na aliyemsaidia kuitumia ni Mungu, baada ya yeye kumwomba.

Mashahidi wa Uganda wanatuonyesha jambo hilo hilo. Kizito alikuwa na umri wa miaka kama 14 alipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwenzake Mbaga Tuzinde aliuawa siku hiyo, ingawa Mukajanga, mkuu wa wauaji, alikuwa jamaa yake na alimsihi akubali hata kufichwa tu. Mlango ulikuwa wazi, naye hakupita.

Tuwaambie nini watoto wa Dumila?

Kwanza, tuwaambie kwamba mapenzi ya Mungu si jina la uzembe wetu. Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika, ukakata barabara kuu hapa Dumila, na familia nyingi zikapoteza nyumba na mazao. Miaka minne kabla yake Mto Mkondoa ulikuwa umeifunika sehemu ya mji wa Kilosa. Katika misiba kama hiyo sote husema kazi ya Mungu haina makosa, nasi husema hivyo kwa imani. Lakini mvua ni jambo moja, na miti iliyokatwa milimani, shamba lililolimwa hadi kwenye ukingo na nyumba iliyojengwa katika mkondo wa mto ni jambo jingine. La kwanza hatukulichagua. Hayo mengine yalichaguliwa na watu. Mtoto akitusikia tukimsukumia Mungu yale tuliyoyafanya wenyewe, atajifunza kufanya hivyo kwa dhambi zake.

Pili, tusimsingizie jirani. Anayeshindwa mtihani bila kusoma, kisha akaambiwa amerogwa, amenyang'anywa hiari yake na watu wa nyumbani kwake. Yoshua bin Sira anafundisha kwamba Mungu alimwumba mwanadamu tangu mwanzo akamwacha mkononi mwa shauri lake mwenyewe (rej. YbS 15:14). Hakumwacha mkononi mwa mchawi.

Tatu, na hili tulishike kwa uangalifu mkubwa: hiari inaweza kupunguzwa, hata kuondolewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1735) inafundisha kwamba ujinga, kulazimishwa, woga na mazoea huweza kupunguza au kufuta wajibu wa mtu. Mtoto aliyetishwa, aliyeshikwa kwa nguvu, aliyedanganywa na mtu mzima, hakuchagua. Mtoto huyo asiambiwe kamwe kwamba ni dhambi yake, na asiambiwe kwamba ni mapenzi ya Mungu. Aambiwe kwamba aliyetenda ndiye aliyechagua, na kwamba sisi watu wazima tutachagua kumlinda na kwenda kutoa taarifa. Hapa mjadala wa utashi huru unaacha kuwa wa wataalamu. Ukielezwa vibaya, unamvunja mtoto. Ukielezwa vyema, unamwinua.

Nne, tuwafundishe kusali kabla ya kuchagua, kama Swema. Asiyesali hujiona Pelagio, na akianguka hukata tamaa. Anayesali bila kujitahidi ni kama yule mtawa wa Hadrumeto aliyetaka aombewe tu.

Na mtoto akiuliza tena juu ya Yuda, mwambieni hivi: Petro naye alimkana Bwana usiku ule ule, na Bwana alikwisha kujua. Kujua kwa Bwana hakukumzuia Petro kulia, kurudi na kupokelewa. Mlango uliofunguliwa kwa Petro haukuandikwa jina la mtu mmoja. Juu ya hukumu ya Yuda, Kanisa halijamtangaza mtu yeyote kuwa yuko motoni. Tumwachie Mungu.

Juma hili, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, nawaomba mwapatie watoto nafasi ya kuuliza swali hili kwa sauti. Wasikilizwe hadi mwisho. Augustino, pamoja na uzee wake, alikaa na wageni wake hadi Pasaka ikapita.

Bwana atujalie kuchagua yaliyo mema, na atupe nguvu ya kuyatenda. Mungu awabariki nyote.